Kuligeuzia Jua Mgongo

Mara ya kwanza kwenda kupiga picha za machweo kwenye majabali ya Seven Sisters, kusini mwa Uingereza, nilirudi mikono mitupu. Ilikuwa Juni. Nilisubiri tangu alasiri, na jua la kiangazi cha huko halina haraka: lilitua saa tatu na robo usiku, wakati ambao kwetu watoto wameshalala. Tena lilitua kaskazini-magharibi, nyuma ya vilima, likayaacha majabali yamenuna kivulini. Nilichobeba kurudi nacho London kilikuwa ukuta wa rangi ya jivu.

Kosa lilikuwa langu. Nimezaliwa Pangani, na saa ya Kiswahili ni mtoto wa jua la ikweta: linachomoza saa kumi na mbili, linatua saa kumi na mbili, na mwaka mzima halikuhangaishi. Huko Sussex, yalipo majabali hayo, jua lina kwao kwingi. Desemba hutua kabla ya saa kumi alasiri, tena kusini-magharibi, juu ya bahari, na miale yake ya mwisho huyapiga majabali usoni. Ndipo nilipojifunza kwamba ufundi huu huanza nyumbani, kwa kalenda na ramani, kamera ikiwa bado mkobani.

Nikarudi Desemba. Treni ya asubuhi hadi mji wa Seaford, kisha kwa miguu kupanda Seaford Head, upepo ukikata masikio. Kutoka mlimani unaona vijumba vya zamani vya walinzi wa pwani, kisha mdomo wa mto Cuckmere, na ng'ambo yake majabali yenyewe yakipanda na kushuka hadi upeo wa macho, meupe kama shuka zilizoanikwa.

Anayetaka kushuka ufukweni aulize maji kwanza. Hili mtu wa pwani halihitaji somo: bamvua ni bamvua popote. Ila huku, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 6, na anayezunguka chini ya jabali bila kujua saa ya maji hubanwa kati ya bahari na ukuta. Juu nako usikaribie ukingo. Majani yanaonekana imara, lakini chini yake huenda pana hewa tupu.

Majabali haya ni chaki: vigamba vya mimea ya baharini isiyoonekana kwa macho, vilivyotuama chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 80 iliyopita. Ni jamaa wa mawe ya matumbawe tunayoyachoma kupata chokaa. Na siri ya weupe wake ni kuanguka. Mawimbi hutafuna mguu wa jabali, uso hubomoka, na majani hayapati nafasi ya kuota. Mnara wa taa wa zamani wa Belle Tout, upande wa mashariki, ilibidi usogezwe mzima mita 17 kutoka ukingoni mwaka 1999. Kila picha ipigwayo hapa, basi, ni picha ya ukuta ulio njiani kuondoka.

Weupe huo huidanganya kamera. Kipimo chake cha mwanga hakijui chaki wala mkaa; hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Kionyeshe ukuta mweupe, nacho hupunguza mwanga mpaka ukuta uonekane umefuka moshi. Fundi hukibishia. Huongeza mwanga hatua moja hivi, kisha hukagua asije akapitiliza, maana weupe ulioungua umepoteza kila mstari na kila ufa, na hakuna programu itakayourudisha.

Halafu husubiri. Jua likiinama, mwanga wake hupita katika hewa nyingi zaidi. Rangi ya buluu hutawanyika njiani, manjano na nyekundu ndizo zinazofika. Chaki haina rangi yake, kwa hiyo huazima, kama kanzu nyeupe mbele ya kandili. Jioni ile ilianza na rangi ya maziwa, ikawa samli, ikawa asali. Vidole vilikufa ganzi juu ya kitufe.

Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa wake akasimama, akaniambia kwa upole kwamba jua liko upande ule. Kweli, wenzangu wote waliokuwa mlimani walikuwa wameinua simu kuelekea magharibi. Nikamwonyesha kioo cha kamera. Akageuka, akatazama majabali, na hakuondoka tena.

Jua lilipozama, simu zikarudi mifukoni na watu wakateremka. Tukabaki wawili na mbwa. Upande wa mashariki, juu ya bahari, ukapanda mkanda wa rangi ya waridi, na chini yake utepe wa buluu iliyokolea. Utepe ule ni kivuli cha dunia yenyewe, kikipanda angani kadiri jua linavyozidi kwenda chini. Chaki ikapokea lile waridi, hafifu, bila kivuli hata kimoja. Nilipiga picha tatu. Sikuhitaji ya nne.

Kwenye treni nilimkumbuka bibi yangu. Pangani bahari iko mashariki, jua hutua nyuma ya minazi. Bibi hakuwahi kushika kamera maishani mwake. Lakini kila jioni alitandika mkeka kuelekea bahari, jua likiwa mgongoni mwake, akatazama matanga ya ngalawa zinazorudi yakibadilika rangi moja baada ya nyingine, mpaka adhana ya magharibi ilipomwinua.