Misa Luba: Disiki ya Kwanza ya Vijana wa Kamina

Mtu akipanda gari la moshi hapa Likasi, akapita Tenke, mwisho atafika Kamina. Huko ndiko ilikozaliwa Misa Luba. Watu wa Ulaya na Marekani wanaijua. Haifai watoto wa nyumba wasijue mali ya nyumba yao.

Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alikusanya watoto wa shule na walimu wao katika korali iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Misa hiyo iliimbwa mara ya kwanza katika misioni ya Kamina mwezi wa Machi 1958. Mwaka uleule korali ilikwenda Ulaya, ikaimba kwenye Maonyesho ya Bruxelles, na disiki ikatolewa na nyumba ya Philips.

Uzuri wake ni nini? Maneno ni ya Kilatini, yaleyale ya Misa. Lakini sauti ni za kwetu, na kila moja imewekwa mahali pake. Kyrie inafuata kasala: mmoja anaita, wengine wanaitikia, kama kwenye kilio. Anayeomba huruma analia. Basi sauti ya kilio ndiyo yake. Katika Credo, penye maneno ya kusulubiwa, ngoma inatangaza kifo jinsi ilivyotangaza kifo kijijini. Nani atahitaji mahubiri hapo? Sanctus ni wimbo wa kuagana, na Hosanna inaingia na mchezo wa Kasai. Anayesema kwamba ngoma inaleta dansi tu ndani ya kanisa, asikilize vizuri kwanza.

Lakini sifa zisitufumbe macho. Kwanza, jina kubwa kwenye disiki ni la Padri. Yeye aliwakusanya na kuwaongoza, nasi twamshukuru. Lakini nyimbo zilitoka kwa wazee wetu, na waimbaji walizitengeneza wakiimba, bila kusoma noti. Joachim Ngoi, aliyeimba peke yake mbele ya wenzake, anastahili kutajwa darasani pamoja na Padri wake.

Pili, katika Misa hii korali inaimba, waamini wanasikiliza. Mtaguso wa Vatikano, tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza muziki wa mataifa upewe heshima yake. Uliagiza pia watu wote washiriki. Misa Criolla ya Ariel Ramírez wa Argentina, ya mwaka 1964, ilishika lugha ya watu, Kihispania. Kwetu, Misa yenye desturi za Kongo ilikubaliwa na Roma mwaka 1988. Misa Luba iligonga mlango mapema. Wengine ndio walioingia.

Basi tuifanyie nini leo? Tusiiige pumzi kwa pumzi kutoka katika kitabu cha noti. Kile kilichozaliwa kwa kuitikiana, kikiandikwa na kurudiwa vilevile, kinakauka. Afadhali tufanye kama vijana wale. Mseminari akirudi kwao likizo, awaulize wazee: huu mliuimba wapi, kwa kilio au kwa arusi? Maneno yake ya zamani yalisema nini? Wimbo wa matusi haufai altare hata ukiwa mtamu. Akishajua hayo, ndipo achague ni neno gani la Misa linaloweza kuubeba wimbo huo. Kazi hiyo haimalizwi na disiki moja, na wazee hawatatungojea siku zote.