Nguo za Machi

Vazi la mwezi wa Machi hapa Edinburgh linapaswa kuhukumiwa kwa namna linavyovuliwa. Nalisema hilo mapema kwa sababu karibu kila video fupi ya mitindo ya mtumba niliyotazama tangu Februari inahukumu kinyume. Mtu anasimama mbele ya kioo, muziki unapiga, nguo zinabadilika kwa kila mdundo, na mwishoni amevaa vitu vitano kimoja juu ya kingine, katulia kama sanamu la dukani. Hatoki nje. Hapandi basi. Upepo hauko, mvua haiko, hata mkoba wa kubebea kompyuta hauko.

Nilianza kuzitazama kwa haja, kwa kuwa koti langu la Desemba lilikuwa limeshakuwa zito na pesa ya koti jingine jipya haikuwapo. Baadaye nikaendelea kwa ile tabia ya mwanafunzi wa fasihi ambaye hawezi kuacha kitu bila kukichambua. Video hizi ni utanzu kamili, wenye kanuni zake. Bei hutajwa kwanza, na iwe ndogo kiasi cha kushangaza. Kisha hutajwa bahati: nimelikuta tu, lilikuwa linaningoja. Kisha huja nguo zenyewe, kutoka nzito kwenda nyepesi: sweta la sufu, shati la kitani, koti la mvua la rangi ya mchanga, jinzi, skafu. Mwishoni kabisa, sentensi moja kuhusu kuiokoa dunia.

Nisiwe mchoyo. Baadhi ya waandaaji wake wana jicho kweli. Wanajua kwamba koti pana la kiume linahitaji suruali yenye umbo chini yake, na kwamba rangi tatu za kahawia zinazokaribiana hupendeza kuliko kahawia moja iliyorudiwa. Wanachanganya umri wa nguo, kitu cha mwaka huu na kitu cha miaka ya themanini, na mchanganyiko huo huzaa mtu ambaye hafanani na dirisha la duka lolote. Ninachowalaumu ni kwamba wamechukua msimu wenye fujo kuliko yote wakaufanya mandhari ya picha.

Kiswahili nilichosomea shuleni hakina neno lililotulia la msimu huu. Masika ni mvua zetu, vuli ni mvua zetu nyingine, na wafasiri wanaosema “majira ya kuchipua” wamejitahidi, ila maneno hayo yanaahidi majani mabichi mapema mno. Machi ya hapa inaweza kukupa jua, upepo wa kukusukuma ukutani na theluji yenye maji ndani ya saa moja. Asubuhi nyuzi joto mbili au tatu, mchana tisa au kumi ukibahatika. Maua ya manjano yamekwisha kutoka kwenye nyasi, na wewe bado unatafuta glavu. Kisha basi lina joto la chumba cha mgonjwa, na maktaba nayo vilevile.

Ndiyo maana nasema kuvuliwa. Ukifika maktaba unaondoa koti, baada ya dakika kumi unaondoa sweta, na kile kilichobaki chini ndicho watu watakachokutazama nacho kwa saa nne. Kila tabaka lazima liweze kusimama peke yake mbele ya watu. Vazi zuri la Machi ni mavazi matatu yaliyokubaliana kukaa pamoja. Kwenye video, shati la ndani huonekana kola tu. Nina hakika wengine wao shati lenyewe lina doa kifuani.

Langu ninalolipenda zaidi liko hivi. Chini, shati la kitani la buluu iliyopauka, la kiume, mikono nimeikunja mara mbili. Juu yake sweta la sufu la kijani kibichi lenye vifungo mbele, ambalo linaweza kuachwa wazi bila kulivua, na hilo peke yake linatatua nusu ya tatizo la basi. Suruali ya kodrai ya kahawia, kwa sababu jinzi ikilowa hukaa na ubaridi hadi jioni. Koti jepesi la mvua linalofika magotini. Shingoni kitenge nilichokata kutoka kwenye doti niliyokuja nayo, na hicho si cha kuonyesha asili yangu kwa mtu. Pamba nyepesi huziba upepo shingoni bila kuwasha kama sufu, na ikilowa hukauka upesi. Vyote isipokuwa kitenge vimetoka kwenye maduka ya hisani ya mtaa wa Nicolson na yale ya Stockbridge, ambako wakazi wana uwezo na vitu wanavyotoa vinaonyesha hivyo.

Lile sweta lina lebo ya St Michael. Hilo ni jina ambalo Marks & Spencer walilitumia kwa nguo zao tangu 1928 na kuliacha mwaka 2000. Kwa hiyo sweta hilo linakaribia umri wangu au limenizidi, na viwiko vyake bado vizima. Nililinunua kwa pauni saba.

Lebo hiyo sikuifahamu hapa. Niliifahamu Njombe, nikiwa darasa la nne, nikikaa juu ya gunia nyuma ya meza ya mama. Mama yangu anauza masweta na makoti ya mtumba. Juni hadi Agosti kule umande huganda kwenye majani, Makete ni zaidi, na mtu asiye na sweta hujulikana kwa jinsi anavyokaa karibu na moto. Yeye hununua belo la kilo 45 bila kuruhusiwa kulifungua kwanza. Ukishalipa ndipo unakata kamba. Linaweza kuwa na masweta ya kurudisha mtaji kwa siku mbili, linaweza kuwa na fulana za matangazo ya mbio za hisani za mji usioujua. Alinifundisha kuanza na kwapa, kisha kola, kisha ncha za mikono, halafu kuinyanyua nguo kuelekea jua ili nondo (wa nguo, si wale wa zege) waonyeshe walipokula. Zipu huvutwa mara tatu. Kitambaa hunusishwa pua, hata mbele ya mteja.

Huo ni uhakiki. Una vigezo, una utaratibu, una kumbukumbu ya maelfu ya mifano. Lakini sijawahi kusikia mtu akiuita ladha. Wenzangu wa semina waliposifu sweta la kijani, mmoja alisema nina maadili. Alimaanisha vizuri. Nilibaki nikijiuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumwambia mteja wa mama, anayehesabu noti za elfu moja moja, kwamba ana maadili. Mteja huyo anaambiwa hana uwezo. Nguo ni ileile, hata lebo ni ileile, na kilichobadilika ni nani anadhaniwa kuwa alikuwa na njia nyingine.

Majina yenyewe yanaonyesha jambo hili. Wazee wetu waliziita kafa Ulaya, kwa hoja ya kueleweka kabisa: nani aliye mzima atatoa koti zima? Zambia wanasema salaula, neno la Kibemba la kuchagua kwa kupekua rundo, na mwanaanthropolojia Karen Tranberg Hansen alilifanya jina la kitabu chake cha mwaka 2000. Rwanda na Burundi wamechukua neno letu, chagua. Napenda kwamba majina haya mawili yanataja kitendo cha mnunuzi: jicho liko ndani ya neno. Hansen naye alilichukulia jicho hilo kwa uzito. Katika kitabu chake wanunuzi wa Zambia wana ujuzi, wanakata, wanashonesha upya, wanabishana kuhusu kinachofaa. Ni kitabu ambacho ningewapa watengeneza video wote, nikiamini wangekisoma.

Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019, ili viwanda vyetu vipumue. Mimi nilikuwa bado sekondari. Mama alisikia redioni na siku hiyo hakusema kitu hadi usiku, kisha akaniuliza ada ya muhula ujao ilikuwa shilingi ngapi, ingawa aliijua. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizi nafuu ya AGOA, mpango ulioruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Wengine wakalegeza, Rwanda ikashikilia ushuru wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi. Sielewi mtu anawezaje kuwa na msimamo mwepesi katika jambo hili. Ningependa kuvaa kitambaa kilichofumwa Dar es Salaam au Mwanza. Nimesoma kwa pesa ya masweta ya Waingereza.

Na hapo ndipo video zile zinaponikera kwa sababu ambayo haihusiani na mitindo. Maduka ya hisani huuza sehemu tu ya wanachopewa. Kinachobaki huuzwa kwa uzito kwa wafanyabiashara, hupangwa kwa madaraja, hufungwa mabelo, husafirishwa. Jicho la kwanza kuchagua liko hapa. Kadiri mtumba unavyozidi kuwa fahari ya vijana wa huku, na kadiri majukwaa ya mtandaoni yanavyowawezesha watu kuuza wenyewe koti zuri badala ya kulitoa, ndivyo sufu inavyobaki huku na fulana nyembamba za plastiki zinavyosonga mbele. Mama hajasoma makala yoyote kuhusu hili. Yeye anasema tu kwamba mabelo yamekuwa mepesi mkononi, ingawa mizani inasema kilo 45.

Sweta langu moja halijampunguzia kitu, hesabu hiyo ninaijua. Ninachozungumzia ni ladha inapogeuka kuwa wimbi. Lakini siwezi kulivaa sweta hilo nikajidai ni bahati, au kwamba lilikuwa linaningoja. Lilikuwa na safari, nikaikata.

Nilimtumia mama picha nikiwa nimelivaa. Baada ya shikamoo na marahaba aliniomba nikunje ukosi aone mshono. Nikamtumia picha ya mshono.

“Zuri. Umenunua ngapi?”

Nikamwambia, nikiwa nimeshageuza pauni kuwa shilingi.

“Zaidi ya elfu ishirini? Kwangu ungelipata kwa elfu nane, mwanangu, na ningekupunguzia.” Kisha, kabla sijajibu: “Wameanza kutoa makoti huko, au bado kuna baridi?”

Nilimwambia wameanza. Wiki ile maduka ya mtaa wa Nicolson yalikuwa yamehamisha makoti mazito hadi mwisho wa chumba na kuyapunguza bei, na milangoni kulikuwa na mifuko ya watu wanaosafisha kabati. Nilimpigia picha reli mbili, nikamweleza kipi ni sufu na kipi kimejifanya sufu. Ameshatanguliza pesa ya belo moja la masweta, mchanganyiko wa kike na kiume. Anatarajia kulifungua wiki ya kwanza ya Juni.