Mstari wa Rangi Kwenye Shafti

Ukimpelekea fundi mmoja mzee ninayemfahamu Land Rover fupi, ile ya milango miwili, hatakuuliza ina ugonjwa gani. Atakuuliza unaipeleka wapi. Nimemsikia akiuliza hivyo kwa miaka mingi, katika uwanja wake wa kazi kule Unga Limited, Arusha, na kila mara nimewaona wateja wapya wakikosa la kusema, kwa maana wamekuja na orodha ya vitu wanavyotaka vifungwe: springi za kunyanyua, tairi pana, winchi, bomba la kuvutia hewa juu ya paa. Mzee huisikiliza orodha hadi mwisho, kwa adabu zote, kisha hurudia palepale: "Sawa mwanangu. Njia yenyewe ni ipi?"

Ana haki ya kuuliza. Gari la kwenda Engare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai, litakula vumbi laini la volkano na magadi ya Ziwa Natron, na magadi hayana huruma kwa alumini. Hilo linahitaji kuoshwa chini kwa maji safi kila linaporudi, kabla hata dereva hajanawa uso. La kupanda mawe ya Kitumbeine linahitaji springi zinazocheza na dereva asiye na pupa. Na la kuvuka mbuga za udongo mweusi wakati wa masika, mzee hulifunga tairi nyembamba, zikate tope zitafute ardhi ngumu chini yake. Zile pana zinazopendeza machoni anawaachia wenye kwenda mchangani. Njia ndiyo inayotoa oda, yeye anatekeleza.

Gari lenyewe lina umri wa kuheshimiwa. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza ilipokuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa alumini na chuma kikabaki kwenye chesisi. Ile fupi tunayoijua, yenye inchi 88 kutoka ekseli hadi ekseli, ilikuja 1956, na ya mwisho katika ukoo wa Series ilitoka kiwandani 1985. Huku kwetu ililetwa na mabwana shauri, wamisionari na maofisa wa wanyamapori. Wao wakaondoka au wakastaafu, gari likabaki, na waliolifanya liendelee kutembea ni mafundi ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote cha historia yake. Habari hiyo inaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Kuna kazi moja ya mzee ambayo ningependa kila mwenye gari la porini aione walau mara moja. Kwenye Land Rover fupi, kinachokatika kwanza njia inapokuwa ngumu ni shafti ya nyuma. Kila anayeendesha gari hili anajua ule mlio: kishindo kimoja kikavu chini ya kiti, halafu injini inanguruma na gari halisogei. Mzee hasubiri mlio huo. Gari linapofika kwake kwa matengenezo, anafungua bolti sita za kitovu cha gurudumu, hata jeki haweki, na kuivuta shafti nje polepole, kiganja kikiwa chini yake isije ikaichubua oili sili. Anaiosha kwa mafuta ya taa. Anaipangusa kwa kitambaa mpaka ikauke. Kisha anachukua brashi nyembamba na rangi nyeupe, anailaza shafti juu ya vipande viwili vya mbao, na kwa msaada wa rula ya chuma anachora mstari mmoja ulionyooka, kutoka ncha hadi ncha.

Ni mstari tu, wala hauongezi nguvu yoyote. Lakini gari likisharudi kutoka porini, mzee anaivuta tena shafti ile na kuutazama. Ukiwa umenyooka kama alivyouacha, shafti inarudi mahali pake. Ukiwa umeanza kupinda na kuizunguka shafti, hata kidogo, chuma kimeshasokoteka na hakitarudi kilivyokuwa, na hapo mwenye gari anaambiwa anunue nyingine leo, akiwa mjini, duka likiwa wazi. Nilimuuliza kwa nini asikwaruze alama kwa msumari, kwa kuwa ingedumu zaidi. Alinitazama kwa mshangao. "Mkwaruzo ni mwanzo wa ufa," akasema, akaendelea kupaka rangi.

Na shafti ikishakatika hataki itupwe. Anataka kuona pale ilipokatikia. Amewahi kunipa kipande nikishike juani, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: huku pembeni, sehemu nyeusi yenye mistari hafifu inayofuatana, huu ni ufa wa siku nyingi, uliokuwa ukikua kila gari lilipopandishwa mlima, na huku katikati, sehemu inayong'aa yenye chembechembe, hapa ndipo chuma kilichobaki kilipoachia kwa mara moja. Kutokana na uso ule, mapana yake hayazidi ya sarafu, alijua kuwa dereva wa siku ile hakuwa na kosa. Mwenye makosa ni aliyeendesha zamani, au aliyeifunga shafti ikiwa tayari imechubuka. Ikiwa yote inang'aa, hakuna cheusi, basi ni mguu mzito wa mtu aliyekanyaga mafuta gurudumu likiwa hewani na kuliacha lidondoke juu ya jiwe likizunguka. Mangapi yangebadilika kama madereva wote wangehukumiwa kwa ushahidi wa namna hii, badala ya kelele za mwenye gari!

Wengi humwambia aweke shafti ngumu zaidi, zipo, zinaagizwa kutoka ng'ambo. Hapo ndipo mzee anapotofautiana na mjini kote. Anasema nguvu iliyoikata shafti haipotei kwa kuwa shafti imekuwa ngumu. Inatafuta pengine pa kuvunja, na panapofuata ni meno ya difu. Shafti unaitoa njiani kwa spana moja, unavitoa vipande vyake, unasukuma chini kile kirungu cha njano, na gari linarudi nyumbani likivutwa na magurudumu ya mbele. Difu ikipasuka, unalala porini. Kwa hiyo yeye huacha makusudi kitu kimoja kiwe dhaifu, tena cha bei nafuu, mahali ambapo mkono unafika. Sijui fikra nyingine ya ufundi iliyonifundisha kufikiri zaidi ya hiyo.

Ukiishika fikra hiyo, utaona kwa nini kila marekebisho kwake ni hesabu ndefu. Land Rover fupi ilizaliwa na tairi za 6.00 kwa 16. Watu huweka 7.50, naye hana ugomvi nazo, maana zinaliinua gari na kulipa nafasi juu ya mawe. Ila tairi kubwa ni mkono mrefu zaidi unaoisokota shafti. Inazifanya gia zote ziwe nyepesi kushuka nazo, hata ile ndogo ya kirungu chekundu, injini haishiki tena mteremko kama zamani, na mzigo wote unaangukia breki za ngoma. Kwa hiyo tairi zikibadilishwa, breki zinafunguliwa siku hiyohiyo. Ukirefusha shakeli za mbele ili gari lisimame juu, umeizungusha ekseli kidogo, na usukani unapoteza ile tabia ya kujirudisha katikati. Gari linaanza kutangatanga barabarani. Pembe ya propela nayo imekuwa kali, viungo vyake vinatetemeka. Na mipira ya breki, ambayo hakuna anayeikumbuka, sasa inavutwa kila gurudumu linaponing'inia. Mzee huingia chini, anaiacha ekseli ining'inie mpaka mwisho wake, na kupima kwa vidole mpira umebakiza ulegevu kiasi gani. Ikiwa haupo, gari haliondoki.

Kwenye maji ndiko anakokuwa mkali zaidi. Ekseli iliyopata moto kwa safari ndefu ikitumbukizwa ghafla kwenye mto wa baridi, hewa iliyomo ndani hujikunja, na isipokuwa na pa kuvutia hewa nyingine itavuta maji kupitia sili. Wiki mbili baadaye beringi zinalia na mwenye gari analaumu barabara. Dawa ni mpira mwembamba kutoka kwenye tundu la kupumulia la ekseli, unaopandishwa juu hadi mahali pakavu. Thamani yake haifiki ya chakula cha mchana cha watu wawili. Pia kuna ile plagi ndogo inayofungwa chini ya nyumba ya klachi kabla ya kuvuka maji na kufunguliwa baada ya kuvuka. Siku hizi nikiwauliza wenye magari haya plagi yao iko wapi, wengi hawajawahi kuisikia. Mzee hulitazama tundu hilo kila gari linapoingia: tone la oili likining'inia pale, anajua sili ya nyuma ya injini imeanza kuchoka, na anakuambia kabla klachi haijaanza kuteleza. Na kwa injini ya petroli, kama maji ni ya kina, mkanda wa feni unavuliwa kwanza, feni isije ikamwagia maji vifaa vya kuwashia. Mambo haya hayana siri. Yanahitaji mtu ashuke, avue viatu, auingie mto kwa miguu kabla ya gari.

Ufundi wa namna hii una mahali unapopimwa. Huko Kenya, tangu 1989, kuna mashindano ya Rhino Charge, ambayo fedha zake zilisaidia kujenga uzio wa misitu ya Aberdare. Nayapenda kwa sababu hayampi zawadi mwenye kasi. Gari linapewa saa 10 na vituo 13 porini, na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Kwa hiyo badala ya kuizunguka mifereji na majabali, anakatiza humohumo. Huwezi kushinda hapo kwa rangi na taa. Fundi anaonekana.

Kwetu Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na mji ukajaa. Nilifurahi, sitasema uongo. Magari ya kila umri, mafupi kwa marefu, yalijipanga na kupigiwa vigelegele. Lakini nilipokuwa nikipita kati yake niliinama mara kwa mara, kwa mazoea, na nilichokiona chini kilinipunguzia raha: viungo vya propela vilivyokauka grisi, springi zilizoshikana kwa kutu mabamba yote kuwa kitu kimoja, mipira ya mbele ya ekseli, ile ya chuma inayotakiwa kung'aa, ikiwa na vidonda na kuvuja. Juu, taa mpya za mstari mzima. Tumelipenda gari hili kwa macho na kuliacha likilia bila mtu wa kulisikiliza. Fundi wa leo anafundishwa kubadilisha. Kulirekebisha jambo, kulivumilia, kulifungua na kulifunga bila kulitupa, hakuna anayemlipa kwa hayo. Vijana waliowahi kukaa na mzee wameondoka mmoja baada ya mwingine, na siwalaumu. Saa nzima ya kusugua kutu kati ya mabamba ya springi na kuyapaka grisi haionekani kwenye bili, na mteja anataka kuona kitu kipya alicholipia.

Mwaka jana alikuja kijana mwenye Land Rover fupi nzuri sana ya babu yake, Series III, bodi haijawahi kugongwa. Alikuwa ameinyanyua kwa springi ngumu, ameifunga tairi kubwa kupita kiasi, na propela ya nyuma ilikuwa imemkatikia njiani. Mzee alimwambia, tena kwa upole wa mtu anayezungumza na mjukuu, airudishe chini, arudishe springi za asili, aweke 7.50, na gari la babu yake litampeleka Natron na kumrudisha. Kijana akashukuru, akaaga vizuri, akaenda gereji nyingine. Kule alifungiwa propela nene zaidi, akaongezewa na shafti zile ngumu. Kwa hiyo hapakubaki kitu laini kati ya injini na mawe, na springi zenyewe zilikuwa hazikunjiki. Mzigo wote ukapanda kwenye chesisi. Imepasuka upande wa kushoto nyuma, pale springi inapoanzia, mahali ambapo kutu ilikuwa ikifanya kazi yake kwa ndani bila kuonekana. Nimeuona mpasuko huo, kidole kinaingia. Panahitaji fundi wa kukata kipande chote kilichooza, akaunde kingine kwa bamba la unene uleule, akichomelee ndani na nje bila kuipinda chesisi. Kijana amerudi kwa mzee mara mbili kumbembeleza, na mara zote mbili mzee amemkaribisha, amemkalisha, amemwambia ukweli: macho yake hayauoni tena moto wa kuchomelea, na hapo uwanjani hakuna mwingine aliyemfundisha.