Lugha moja yatosha kuleta amani?

Twasikia mara nyingi kwamba wenye lugha moja ni ndugu. Tulipime neno hilo hapa kwetu Bunia.

Wahema wengi wa Djugu, wale waitwao Wagegere, husema Kilendu tangu zamani, sawasawa na Walendu jirani zao. Hawahitaji mkalimani kati yao. Walakini vita ya mwaka 1999 mpaka 2003 iliwatenga, na maelfu ya watu wakafa katika Ituri. Kumbe kufahamiana kwa maneno si kupatana.

Je, lugha haina kazi basi? Ina kazi kubwa. Sokoni Bunia, Mulendu, Muhema, Mualur na Munande hununuliana kwa Kiswahili. Wengine hukicheka, eti ni Kingwana kibovu. Sisi twaona faida yake: si mali ya kabila moja la Ituri, kwa hiyo mtu aweza kuuliza bei ya mihogo pasipo kuulizwa ukoo wake.

Lakini Kiswahili hichohicho chaweza kutukana. Anayemtaja jirani yake kwa kusema “wale” amekwisha kumweka mbali. Yafaa tuchunguze kwanza neno hilo vinywani mwetu.