Mikono ya Gift Ngoepe

Huku Kasongo na Kabambare, ukisema mpira umesema mpira wa miguu. Msimu wa 2024–2025 AS Maniema Union ya Kindu ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na fahari hiyo ni yetu sote wa Maniema, Kongo. Hata hivyo, fundi ninayetaka kumsifu hapa alifanya kazi yake kwa mikono, katika besiboli: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mlinzi wa ndani.

Vituo vya uwanja wa besiboli vimeachana kwa mita 27 na kidogo. Mpigaji akiugonga mpira chini kwa gongo, anatimua mbio kuelekea kituo cha kwanza. Mlinzi aliye kati ya kituo cha pili na cha tatu ana sekunde nne hivi za kuukimbilia, kuinama, kuuzoa kwa glovu, kuutoa na kuurusha umfikie mwenzake kituoni hapo kabla ya mguu wa mkimbiaji. Mpira wenyewe ni mdogo na mgumu. Kijana yeyote aliyewahi kudaka kwenye viwanja vyetu vya udongo mwekundu anaujua mdundo unaogonga kokoto ukamrukia usoni. Mlinzi wa kawaida huungoja umfikie. Stadi huufuata, akachagua mwenyewe mdundo wa kuudakia, na mkono wake hurudi nyuma kidogo unapoupokea, ili usimponyoke. Kwangu mimi hapo ndipo uzuri wa mchezo huu ulipo, kuliko hata kwenye gongo.

Ngoepe alilelewa katika chumba cha klabu ya besiboli ya Randburg, ambako mama yake, Maureen, alikuwa mfanyakazi. Mwaka 2008 alisaini na Pittsburgh Pirates, kisha akakaa miaka mingi katika ligi ndogo za Marekani. Gongo lilimtesa, mara nyingi alipiga hewa. Kilichomweka kazini ni ulinzi wake. Mama alifariki mwaka 2013, hakuiona siku mwanawe alipofika ligi kuu. Tarehe 26 Aprili 2017 Ngoepe akawa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani, na mara ya kwanza kushika gongo aliupiga mpira uliorushwa na Jon Lester wa Chicago Cubs akafika kituo cha kwanza salama. Mwaka uliofuata alichezea Toronto Blue Jays, na safari yake katika ligi kuu ikaishia hapo.

Atakayeniambia safari hiyo ilikuwa fupi, nitamwonyesha miaka ya ligi ndogo: mipira ya chini asubuhi, mipira ya chini jioni, bila kamera. Ufundi ule ulijengwa huko.

Na jirani zetu wameshaanza kucheza besiboli. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, wakaifunga timu ya Oregon 3–2. Akitokea mmoja wao, au wa kwetu, akafika ligi kuu, wengine watauliza anapigaje. Mimi nitataka kuona anavyoinama.