Mhusika Si Chombo cha Mahubiri

Mtumishi wa Neno anayetaka kutunga hadithi huanza mara nyingi na fundisho, kisha humtafuta mtu wa kulibeba. Mtu aliyepatikana kwa njia hiyo hana pumzi. Twajua mwisho wake kabla hajatenda lolote.

Haisemwi hapa kwamba mhusika wa namna hiyo hana thamani. Shaaban Robert alimwita mkulima wake Utubora, na katika Kusadikika (1951) mshitaki ni Majivuno. Majina hayo ni hukumu tayari, nayo yanafaa katika istiari, maana msomaji ameitwa kupima mawazo.

Euphrase Kezilahabi alishika njia nyingine katika Rosa Mistika (1971). Hakwenda mbali kutafuta chimbuko. Alianza Namagondo, kijiji chake mwenyewe huko Ukerewe. Jina la Rosa latokana na sifa ya Bikira Maria katika litania ya Kikatoliki, lakini mwenye jina anaanguka, anatoa mimba, na mwishowe anajiua. Hadithi yazaliwa katika umbali huo kati ya jina na maisha. Mwandishi hatosheki kusema kwamba Rosa alipotoka. Anatuonyesha Zakaria, baba mlevi, akimpiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti aliyelindwa kwa fimbo hakufundishwa kuchagua. Alipokuwa mbali na fimbo, uhuru ulimkuta hana kinga. Kila tendo lina mzizi katika tendo lililotangulia, na hiyo ndiyo kanuni ya kumkuza mhusika.

Riwaya hiyo iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Waliohofia vijana walikuwa na haki ya kuuliza, lakini kasoro yake, kwa maoni yetu, iko kwingine: mwishoni misiba yafuatana kwa haraka, kana kwamba mwandishi naye ameharakisha hukumu.

Mchungaji ana chimbuko tele katika parokia yake. Siri za maungamo zisiandikwe kamwe. Bali aulize, kama Kezilahabi, ni kitu gani kilimfikisha mtu hapo alipo. Tena ajifunze kwa Bwana mwenyewe. Katika Luka 15 hatuambiwi kama kaka mkubwa aliingia karamuni. Aliachwa nje, baba akimsihi, na kila msomaji hana budi kujibu kwa ajili ya nafsi yake.