Tumeona Sinema Sita: Tuseme Nini?



Wako watu wanaodhani kwamba sinema ni mchezo wa kupitisha jioni tu. Wako wengine wanaodhani kwamba ni mlango wa dhambi. Wote wawili wamekosa. Papa Pio XI aliandika barua juu ya sinema mwaka 1936, na Papa Pio XII akaandika nyingine mwaka 1957, akizitaja pamoja sinema, redio na televisheni. Hawakutuambia tufumbe macho. Walituambia tujifunze kutazama.

Basi, miezi hii tumetazama sinema sita huku Kashuga, kwa kompyuta ndogo na kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani, umeme ukitoka kwenye mabamba ya jua. Zilikuwa za kila namna: za kuchekesha, za kuhuzunisha, za zamani na za juzi. Nataka kusema wazi ipi ilinipendeza, ipi ilinichosha, na kwa sababu gani.

Kipimo changu ni kimoja. Nauliza: maskini anayeonekana katika sinema hii, je, ana jina? Ana sauti? Ana kazi anayoijua? Au amewekwa pale kama mti ulio kando ya njia? Sisi watu wa Masisi tunayo haki ya kuuliza hivyo. Tumepigwa picha mara nyingi, tukikimbia na magodoro kichwani. Picha zilikwenda mbali, wenye magodoro wakabaki hapa hapa.

Tuanze na ile iliyotuchekesha. Kwa Kifaransa yaitwa Les dieux sont tombés sur la tête, nayo ilitengenezwa mwaka 1980 na Jamie Uys wa Afrika ya Kusini. Chupa ya Coca-Cola yatupwa kutoka ndegeni, yaangukia watu wa jangwa la Kalahari. Wao hawajawahi kuona kitu kama hicho. Chupa moja, watu wengi: kumbe, ndiyo mwanzo wa wivu na ugomvi. Mmoja wao aamua kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Watoto walicheka hata wakaanguka kwenye mabenchi, na mimi nilicheka pamoja nao. Tena lipo fundisho: kitu kimoja kilichotoka nje chaweza kuvunja amani ya ukoo mzima. Sisi tunaokaa juu ya madini tunalijua hilo bila kufundishwa.

Hata hivyo, kesho yake kicheko kiliniachia uchungu kidogo. Sinema ile ilitengenezwa siku za ubaguzi wa rangi katika nchi ile, nayo yamwonyesha mtu mweusi wa porini kama mtoto asiyejua lolote la dunia. N!xau, mwenyeji wa Namibia aliyeuchukua mchezo ule wote mabegani mwake, hakuwa mtoto. Alikuwa mtu mzima mwenye akili na uso unaojua kucheza. Wazee wetu pia walichekeshwa zamani na Matamata na Pilipili, sinema fupi za Padre Albert Van Haelst huko Kasai. Kucheka si vibaya. Lakini mtu mzima hujiuliza: nimecheka pamoja na mtu, au nimemcheka mtu?

Ya pili ni ya masista: Au risque de se perdre, ya mwaka 1959, kazi ya Fred Zinnemann, na Audrey Hepburn ndiye Sista Luka. Sehemu yake ilipigwa picha hapa Kongo, upande wa Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani. Msichana wa Ubelgiji, binti wa daktari, aingia utawa, aletwa Kongo kuwa muuguzi, arudishwa Ulaya, na mwisho auacha utawa. Vita vimemwulia baba yake, naye haoni tena njia ya kuwasamehe adui. Sinema hii ni ndefu, yapita saa mbili, lakini sikuchoka. Haiwatukani masista wala haiwapaki asali. Yaonyesha kwamba utii ni kazi ngumu kuliko kuuguza wenye ukoma, na kwamba mtu aweza kushindwa bila kuwa mwovu.

Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa. Wakongo wamo, lakini hawasemi karibu neno. Wabeba mizigo, waimba, waugua, wapona. Hata Kalulu, msaidizi wa hospitali, alichezwa na Orlando Martins aliyetoka Nigeria. Ni muda mfupi tu kabla ya uhuru wa 1960, lakini ukiitazama sinema hii huwezi kujua kwamba Wakongo walikuwa na wazo lolote. Bibi mmoja mzee alisema pembeni yangu kwamba masista aliowajua yeye walikuwa wakigombana naye, wakicheka naye, wakimwomba shauri juu ya mimba na juu ya mvua. Bibi huyo hayumo katika sinema.

Ya tatu ni Virunga, ya mwaka 2014, iliyotengenezwa na Orlando von Einsiedel, Mwingereza. Hii ni habari ya kweli, tena ya jirani zetu. Hifadhi ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika kwa namna yake. Sinema yatuonyesha walinzi wa hifadhi, kampuni ya Soco iliyokuja kutafuta petroli chini ya ziwa Edward, na vita vya M23 vya mwaka 2012. Pale Rumangabo twamwona André Bauma akilea sokwe wakubwa walioachwa yatima. Sokwe mmoja, Ndakasi, alimlea tangu mama yake alipouawa mwaka 2007. Naye alikufa mikononi mwake mwaka 2021. Twamwona pia Rodrigue Katembo, mlinzi aliyekataa rushwa, akaificha kamera ndogo ili dunia isikie maneno ya wala rushwa. Huyo ni mtu wa kuigwa. Baada ya sinema kutoka, kampuni iliahidi kuacha kazi katika hifadhi. Kumbe picha yaweza kuzuia mashine!

Lakini yafaa niseme mambo mawili. Kwanza, sauti ya mizinga ilipoanza, watoto wawili walitoka nje mbio, na mama mmoja akaziba masikio. Nilijuta kuwaona wakitetemeka. Sinema ya vita kwa mtu wa Ulaya ni habari. Kwa mtoto wa kambi ya wakimbizi ni usiku wa jana. Pili, katika sinema hii sokwe wana majina, na hilo ni vema, maana ni viumbe vya Mungu. Bali umati ule unaokimbia barabarani hauna jina hata moja. Ningependa kusikia walau mama mmoja akisema ametoka wapi na amewaacha nani.

Ya nne yanishinda kuisifu ipasavyo: Makala, ya mwaka 2017, ya Mfaransa Emmanuel Gras. Ilipewa zawadi kubwa ya Juma la Wahakiki huko Cannes mwaka ule. Hapana vita ndani yake, hapana wanyama, hapana daktari wa kizungu. Yupo kijana mmoja wa Katanga, Kabwita Kasongo. Aukata mti mkubwa kwa shoka. Ajenga tanuri ya udongo, achoma makala. Apakia magunia juu ya baiskeli hata baiskeli yenyewe haionekani, kisha aisukuma kilometa kama 50 mpaka Kolwezi. Njiani malori yapita kwa vumbi, moja laigonga baiskeli yake. Kwenye bariere watu wa serikali wamtoza. Sokoni wanunuzi wambishia bei. Anataka nini? Mabati ya nyumba yake, na dawa ya mtoto. Basi.

Vijana wetu wanaosukuma chukudu waliitazama kimya kabisa, kama watu walio kanisani. Lori lilipoigonga baiskeli, ukumbi mzima uliguna. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa, kwa maana Kabwita asema Kiswahili. Mchukuzi wa picha hakufanya haraka: shoka lapiga, lapiga tena, nasi twangoja mpaka mti uanguke. Wengine walinung'unika kwamba ni polepole mno. Mimi nasema upole huo ndio heshima. Ukitaka kujua uzito wa kazi ya mtu, sharti ukae naye mpaka achoke.

Tena, ukiiweka Makala karibu na Virunga, utaona jambo ambalo sinema moja peke yake haikuonyeshi. Katika Virunga adui wa msitu ni kampuni ya petroli na wenye bunduki. Ni kweli, lakini sufuria za Goma zapikiwa makala, na mengi ya makala hayo yametoka katika miti ya hifadhi. Je, mchoma makala ni adui? Ukimjua Kabwita, huwezi kumwita adui. Ukimjua Bauma, huwezi kusema msitu ukatwe tu. Yafaa kuwatazama wote wawili kabla ya kutoa hukumu.

Ya tano ni ya Mkongo mwenzetu, Dieudo Hamadi wa Kisangani: En route pour le milliard, ya mwaka 2020. Mwezi wa Juni mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wa Kisangani, mji usio wao. Wengi walikufa, wengine walikatika miguu na mikono. Miaka mingi baadaye waliosalia wapanda mashua, washuka mto Kongo mpaka Kinshasa kudai fidia. Wako watu wa magongo, wako wa miguu ya bandia. Mvua yawanyeshea chini ya turubai. Wagombana, waimba, wapika. Huko Kinshasa milango ya wakubwa yafungwa. Sinema hii ilichaguliwa na Cannes, jambo ambalo hakuna sinema ya Mkongo iliyokuwa imelipata kabla yake.

Hapa kipimo changu kilijaa mpaka ukingoni. Walemavu hawa hawaombi huruma, wadai deni. Wana majina, wana hasira, wana mzaha. Tena habari haikuishia kwenye kitambaa cheupe: mwezi wa Februari mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa vita vya miaka ile. Si milioni elfu moja waliyoidai wale wa mashua. Lakini ni dalili kwamba mtu aliyekatwa mguu asinyamaze. Wangapi kwetu wameandika majina ya wafu wao, siku na mahali? Tuyaandike, maana hakuna mahakama inayosoma yaliyo moyoni.

Ya sita nimeiweka mwisho kwa sababu ilinikosesha usingizi: Des hommes et des dieux, ya mwaka 2010, ya Xavier Beauvois. Watawa wa Tibhirine, huko Algeria, waishi kati ya Waislamu, walima, wasali, na Bruda Luka atibu wagonjwa wa kijiji. Vita vyaja. Waondoke au wabaki? Wabishana mezani kama watu, si kama sanamu. Mmoja aogopa waziwazi na kulia usiku. Mwanamke wa kijiji awaambia kwamba wao ndio tawi wanalotua wanakijiji. Tawi likienda, ndege watatua wapi? Wabaki. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Machi 1996 saba wao walitekwa, na mwezi wa Mei ikatangazwa kwamba wameuawa. Tarehe 8 Desemba 2018, huko Oran, walitangazwa wenyeheri.

Mwezi ule ule, tarehe 12 Mei 1996, si mbali na hapa tulipo, watu waliokimbilia monasteri ya Mokoto, wengi wao wa jamii ya Watutsi, waliuawa. Watawa wa Mokoto ni wa shirika lile lile la Watrapisti, na nao wakaonja ukimbizi. Tibhirine imepata sinema nzuri, na dunia nzima yajua. Mokoto imepata nini? Wafu wake ni majirani zetu, nasi wenyewe twapunguza sauti tunapowataja, kwa sababu hatujamaliza kuulizana nani alifanya nini. Nilipoona watawa wa sinema wakiketi kwenye chakula chao cha mwisho, machozi yakiwashuka, sikuwaza Algeria.

Lakini hata sinema hii nzuri nailaumu kwa jambo moja. Mwishoni watawa wapotea katika theluji na ukungu, na sinema yaisha nao. Yule mwanamke wa kijiji, je? Yeye hakuulizwa kama abaki au aende. Hana nyumba ya shirika ng'ambo ya bahari. Katika vita vya Algeria Waislamu walikufa kwa maelfu mengi. Huku kwetu pia wengi hubaki, si kwa ushujaa, ila kwa sababu hapana pa kwenda. Na kubaki kwao kuna thamani mbele ya Mungu.

Wazazi, nawaomba haya. Watoto wadogo wasionyeshwe Virunga wala sinema nyingine yenye milio ya bunduki, hasa hawa waliolala porini. Makala itazameni pamoja na vijana, kisha waulizeni jinsi Kabwita alivyotumia fedha zake. Ile ya masista na ile ya watawa zafaa kwa watu wazima wenye subira. Na sinema ikiisha msikimbilie kuzima mashine na kwenda kulala. Ketini kidogo, mzungumze. Sisi tulipomaliza ile ya Tibhirine, mzee mmoja alisimama akaanza kuyataja majina ya watu wa Mokoto aliowajua. Alitaja matano, kisha akakaa.